Fimbo Nyepesi ya Mjomba

9 Januari

Kidadisi mpwa wangu,

Hujambo? Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama risiti ya duka, lakini ilifika, na mama yako aliibusu bahasha kana kwamba ni shavu lako. Yeye mzima. Paa la chumba cha nyuma limeacha kuvuja baada ya mimi kushinda juu yake Jumapili nzima, huku yeye amesimama chini akinielekeza pa kugonga, yeye ambaye hajawahi kushika nyundo. Mimi pia mzima, ukiacha bega la kulia. Nitalifikia.

Unauliza kwa nini sikupigii simu. Masikio yangu yamekaa chini ya transfoma maisha yao yote. Nikiweka simu sikioni nasikia mvumo, halafu najikuta nakujibu "ndiyo, ndiyo" kwa mambo nisiyoyajua. Barua hainivumii.

Mama yako bado ananinusa. Pombe niliiacha wewe ukiwa shule ya msingi. Nilimwapia siku tuliyomzika baba yako, na sijairudia hata kwa kuonja. Lakini nikiingia mlangoni dada ananikumbatia zaidi kidogo ya kawaida, na najua pua yake inafanya nini. Simlaumu. Aliwahi kuniokota mtaroni kwa mikono yake, mbele ya watu. Heshima niliyo nayo kwake sasa nimeijenga polepole sana, na ndiyo kitu pekee ninachoweza kusema nimejenga.

Sasa, umeuliza kitu gani kinanichosha kazini. Ni fimbo. Ile ndefu ya kufungulia fyuzi juu ya nguzo ya umeme mtu akiwa amesimama chini. Ya kwetu ni ya faibaglasi, nene, na ukiivuta yote ukaiinua huku ndoana inatafuta kijitundu cha fyuzi, mikono inatetemeka mpaka vijana wanageuka wasikuone. Bega langu likiona fimbo inashushwa kwenye gari, linaanza kuuma kabla hatujaanza kazi.

Na wewe huko unafanya nini hasa? Mama yako anawaambia watu kwamba unatengeneza masizi. Nilimwambia masizi tunayo jikoni, ungebaki nyumbani.

Mimi, mjomba wako mwenye bega moja na nusu

4 Februari

Mjomba, shikamoo,

Nimecheka hadi jirani akagonga ukuta. Nimehama chumba. Hiki cha sasa dirisha lake linatazama ukuta wa jengo jingine na mabomba yake, lakini kina meza na kina joto. Mwambie mama koti alilonishonea limefika. Mikono ni mirefu, ila nalivaa hivyo hivyo na watu wanalisifu.

Mama hakukosea sana kusema masizi. Kaboni ni ile ile ya masizi, ya mkaa, ya penseli uliyokuwa unaniazima nikaitafuna. Tofauti ni mpango wake. Chukua wavu wa banda la kuku, wenye matundu ya pembe sita. Fikiria umefumwa kwa chembe za kaboni tupu, na unene wake ni chembe moja. Uviringishe uwe mrija. Hicho ndicho kitu chetu, mirija ya kaboni. Ni myembamba kiasi kwamba unywele wako mmoja (mweupe, tusidanganyane) unaweza kupangiwa maelfu kwa maelfu kwenye upana wake.

Na ni imara, Mjomba! Chuma cha unene huo kingekatika zamani, mrija bado unavutwa tu, na uzito wake si kitu mbele ya chuma. Joto nalo mirija hulipitisha haraka kama almasi. Huku wanaitia kwenye fremu za baiskeli, mabawa ya ndege, betri, vichujio vya maji. Kuna rangi nyeusi ya mirija iliyosimamishwa wima kama nyasi, mwanga ukiingia kati yake hautoki. Ukiitazama ni kama mtu katoboa shimo ukutani. Ila ukiigusa kwa kidole inalala na haiamki tena. Shida yetu kubwa ni kwamba mirija inapenda kung'ang'aniana mabonge mabonge. Kazi yangu ni kuiachanisha ndani ya resini, ile gundi inayokauka ikawa ngumu, isambae sawasawa.

Sasa sikiliza. Nimekutengenezea fimbo kwa mirija hii. Ina vipande vinavyoingiana, ndoana ni ya kiwango kile kile mnachotumia. Utaiinua kwa mkono mmoja huku unakunywa chai. Nimeipaka koti gumu la rangi juu, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kazi ifute kwa spiriti, jasho na mafuta ya mikono huliharibu lile koti. Usiikate wala usiipige msasa, vumbi lake si zuri kwa mapafu.

Maabara hairuhusu vitu kutoka, kwa hiyo tafadhali kazini usiseme imetoka wapi. Na mama usimwambie kabisa, atawatangazia mtaa mzima. Wewe niandikie tu inavyochakaa. Imekwaruzika wapi, imefifia wapi, kila kitu.

Kidadisi wako, aliyeshiba habari za nyumbani

20 Machi

Mpwa wangu wee,

Imefika! Ilikuja kwenye boksi refu, postamasta akaniuliza kama nimeagiza fimbo ya kuvulia samaki. Nikamwambia ndiyo, nakwenda kuvua umeme. Habari za nyumbani ni njema, dada amepaka rangi mlango, ameuchagulia kijani cha kutisha, na akikuuliza sema umeupenda kwenye picha.

Nikuambie nini. Nimeiinua mpaka juu kabisa na bega halikujua. Mrefu, yule mwenzangu wa kwenye gari, alininyang'anya akaipima mkononi, akasema hii itakuwa tupu ndani, itavunjika. Akaikalia katikati, na unamjua Mrefu alivyo. Ikapinda, ikarudi. Tangu hapo ananiita Bwana Harusi, kwa sababu eti natembea na fimbo kama ya kucheza nayo.

Lipo jambo moja nililifanya kinyume. Kwa utaratibu wetu fimbo mpya hupelekwa stoo kwanza, inapimwa kwa umeme mkubwa kabla haijakaribia laini. Mtu wa stoo angeuliza kiwanda gani, na wewe umeniambia nisiseme. Basi sikuipeleka. Wewe ni msomi wa vitu hivyo hivyo, na ni mtoto niliyekubeba mabegani, sikuona sababu ya kukupima.

Umetaka habari za kuchakaa. Kwenye kishikio, pale mkono wangu wa kulia unapokaa, imeanza kuchubuka. Ni ile reli ya juu ya gari, tunaifunga pale na barabara zetu unazijua. Koti limetoka kama upana wa kidole na chini yake naona weusi. Naendelea kuifuta kwa spiriti kila siku, mpaka Mrefu anasema nanuka kama wodi.

Na hapo kuna kichekesho. Juzi mama yako alinikumbatia pale mlangoni, akasita. Nilitaka kumweleza nikakumbuka ombi lako, nikasema nimesafisha kidonda. Alinitazama mikono yote miwili akikitafuta. Sikupenda kumdanganya, lakini lako ndilo nililoliahidi kwanza.

Bwana Harusi

22 Aprili

Mjomba, shikamoo,

Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na wageni maabara, watu wa viwanda, tumevaa makoti meupe wiki nzima tukionyesha vitu vinavyong'aa. Nafurahi sana kuhusu bega. Mwambie mama mlango ni mzuri. (Mjomba, ni mbaya sana.)

Kuhusu mchubuko: ni mrefu kiasi gani? Umezunguka fimbo yote au upande mmoja? Weusi uliouona unaacha alama kwenye kidole? Tafadhali nijibu kwa makini, inanisaidia kuliko unavyofikiri.

Kwa sasa funga tepu ya umeme juu ya hapo, mizunguko ya kutosha. Na siku za mvua au unyevunyevu heri utumie ile ya zamani. Si kwa sababu yoyote kubwa, ni kwamba resini haipendani na maji.

Nikiandika zaidi nitachelewa basi la mwisho. Nakukumbatia, bila kunusa.

Kidadisi

6 Juni

Kidadisi,

Habari za huko. Naandika kwa kushoto, usiniulize kwa nini herufi zinaanguka. Mama yako mzima. Mimi niko hospitali, kitanda cha karibu na dirisha, kuna feni inayozunguka ikijisikia.

Mkono wa kulia haupo, kuanzia juu ya kifundo.

Barua yako ya Aprili ilinikuta hapa hapa, Mrefu ndiye aliyeileta. Nimeisoma nikiwa nimelala chali. Nimefika kwenye mvua na unyevunyevu, nikarudi mwanzo, nikaisoma tena.

Ilikuwa asubuhi ya manyunyu, ya kulowesha nywele tu. Nyumba za nyuma ya kiwanda cha mbao hazikuwa na umeme. Nikaifuta fimbo kwa spiriti kama ulivyosema, nikaitia chupa mfukoni. Nikainyoosha. Ndoana iligusa pale juu. Mlio siukumbuki. Mrefu anasema nilitupwa mpaka kwenye tairi la gari na glavu ilikuwa inatoa moshi.

Chupa ilipasuka mfukoni. Msimamizi wetu alipoinama kunisikiliza moyo alikuta nimelowa spiriti kifua kizima. Yeye ni wa zamani, ananijua nilivyokuwa. Aliandika ofisini: fundi alikuwa amelewa. Damu hakuna aliyeipima, daktari alikuwa na kazi nyingine nami. Mrefu alisema spiriti ilikuwa ya kufutia. Wakamwambia marafiki hufichiana siri. Mama yako akasema Mrefu naye ni mlevi, na hilo kwa bahati mbaya ni kweli.

Dada alikuja siku ya pili. Wauguzi walimpa nguo zangu kwenye mfuko. Alilitoa shati akalinusa, palepale, mbele yangu. Akasema, "Ulinidanganya kuhusu kidonda." Akaukunja mfuko vizuri akauweka kitini na kuondoka. Hajarudi. Chakula analeta mke wa Mrefu.

Mkono umekwenda, basi, kazi yetu inakula watu na nilijua. Lakini dada yangu anaamini nilikuwa nimelewa. Nakuomba umwandikie. Mwambie fimbo ilikuwa yako na spiriti ulinielekeza wewe. Mistari mitatu inatosha.

Nimechoka, herufi hizi ni kama kulima.

Mjomba

30 Julai

Mjomba wangu mpendwa, shikamoo,

Sijui nianzie wapi. Nimelia mpaka nikashindwa kwenda kazini. Unaendeleaje? Kidonda kimefunga? Unalala? Mama ameniandikia, hakusema mengi, anasema tu anaumia na hataki kulizungumza. Huku ni joto sasa, dirisha langu halifunguki vizuri, nimeliwekea kitabu.

Ningekujibu mapema, lakini nilikuwa na uwasilishaji mkubwa mbele ya bodi na kila nilipokaa kuandika mkono ulikuwa mzito.

Mjomba, fimbo iko wapi? Ni muhimu isifunguliwe na mtu asiyejua. Kama iko kwako au kwa Mrefu, tafadhali ifungeni vizuri mnirudishie, vipande vyote, hata kile kilichoungua. Nitalipia posta.

[Hapa mistari minne imefutwa kwa wino mwingi.]

Nataka ujue kwamba sijakaa tu. Kwenye jengo letu kuna kundi linalotengeneza mikono ya bandia. Wanatumia mirija ile ile ya kaboni: nyuzi laini kama za kushonea, zinalala karibu na mshipa wa fahamu na kusikiliza amri inayotoka kwenye ubongo. Na kwenye vidole wanapaka utando wa mirija unaohisi kuguswa. Mtu anaweza kushika yai bila kulipasua! Nimeongea na mkuu wao. Nimemwambia nina mtu. Wakikubali, utakuwa wa kwanza kutoka nyumbani.

Kuhusu mama, nipe muda. Ni jambo la kuongea uso kwa uso.

Kidadisi wako, daima

25 Agosti

Mpwa wangu,

Hujambo. Nimetoka hospitali. Najifunza kufunga vifungo vya shati kwa kushoto, na nikishindwa natoka hivyo hivyo kifua wazi, majirani wanaona sababu nyingine ya kusema.

Umeniuliza mambo matatu kunihusu na ukaniuliza fimbo. Kuhusu fimbo ndiko ulikoandika "tafadhali". Nimeona.

Usitume hela ya posta. Iko kwenye stoo yetu, kwenye kabati lenye kufuli. Waliipima, kile kipimo nilichokiruka mimi. Inapitisha umeme kama waya, ndani yote, kuanzia ndoana hadi kishikio. Koti lako la rangi ndilo lililokuwa likinilinda, na mahali lilipotoka ndipo nilipokuwa nashika. Wakaandika barua: fundi alileta kifaa chake cha kienyeji, hakukipimisha, na alikuwa amelewa. Kazi imekwisha. Wakaniuliza imetoka wapi. Nikasema nimeiokota. Ndiyo, nimesema hivyo, mimi, na nikatazamwa kama mtu anayeokota fimbo na kwenda nazo kwenye laini kubwa.

Jirani yetu mpya ni mwalimu wa fizikia. Anapanga nyumba ya kona, anafua nguo zake mwenyewe, mtu mpole. Nilimuuliza kwenye kamba ya nguo, mirija ya kaboni ni kitu gani. Hakujua mimi nani. Akasema, "Ah, ile inayopitisha umeme kama shaba, na zaidi." Hilo ndilo neno lake la kwanza. Akanieleza kwamba ukitia mirija kidogo tu kwenye resini ambayo haipitishi kitu, mirija inagusana mkono kwa mkono mpaka mwisho, na umeme unapata njia. Akasema kila anayesomea mambo hayo analijua hilo kabla ya mengine yote.

Nikaenda nikaitoa barua yako ya Februari. Nguvu umeitaja. Wepesi umeutaja. Joto, baiskeli, ndege, betri, maji, mpaka rangi nyeusi ya kama shimo. Umeme hukuutaja. Unamwandikia fundi umeme barua nzima kuhusu kitu hicho, na umeme hukuutaja.

Najua kwa nini. Ningekataa fimbo, na wewe ulitaka mtu wa kuichakaza. Maswali yako ya mchubuko uliyauliza kama daktari, nami nikadhani ni mapenzi.

Dada nilimwambia mwenyewe. Nilikwenda, nikasimama kwenye ule mlango wa kijani, nikasema yote. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Umekunywa, umenidanganya, na sasa unamsingizia mwanangu ambaye hayupo kujitetea." Akafunga. Nikimwonyesha barua zako atasema nimeziandika mwenyewe. Kusoma anasoma, kuniamini ndiyo haiwezekani tena. Akiambiwa na wewe atakubali hata kama ungesema mvua inatoka chini.

Sitaki samahani. Sitaki mkono wa kushika yai. Mwandikie mama yako.

Mjomba

12 Oktoba

Mjomba, shikamoo,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ina maneno makali na sitayajibu kwa ukali, kwa sababu najua unaumia.

Naomba na wewe unielewe. Fimbo ile haikutakiwa kutoka maabara. Nikiandika sentensi moja kuihusu, sentensi hiyo si yangu tena, mama ataisoma kwa jirani, jirani atapiga simu, na mwisho itafika kwenye meza ya mkuu wangu. Mwaka huu ndio wananiamulia kama nabaki. Nimefanya kazi bila likizo, bila mtu, kwenye vyumba vinavyotazama kuta. Ukweli hauozi, Mjomba. Tukiusema mwakani utakuwa ule ule.

Na koti la rangi lilikuwa limepimwa. Lilikuwa linatosha. Halikupimwa kwa kusuguliwa na reli ya gari.

Habari njema: wale wa mikono wamekubali! Wameweka jina lako, kutakuwa na nauli na mahali pa kulala. Mwandishi wa gazeti alikuja kutuhoji kuhusu mradi, nikamweleza kwamba nina mjomba, na kwamba wewe ndiye unayenisukuma kila asubuhi. Nilishindwa kujizuia, machozi yalinitoka. Makala ikitoka nitamtumia mama, itamlainisha moyo kuliko barua yoyote ambayo ningemwandikia. Utaona.

Kidadisi

28 Novemba

Kidadisi,

Hujambo. Huku mvua zimeanza, mtaa umejaa matope, Mrefu ameacha pombe. Ndiyo, Mrefu. Anasema alinitazama mimi akaogopa.

Gazeti ulilomtumia mama yako limefika wiki iliyopita. Alikuja nalo mwenyewe. Nilisikia hodi, nikafungua, nikamkuta dada na bakuli la chakula limefunikwa kwa sahani, na gazeti kwapani. Sikuwa nimemwona mlangoni kwangu tangu hospitali. Akaingia, akanitengea, akaketi, akaniambia nile kwanza. Nikala. Alikuwa amenikatia nyama vipande vidogo tayari, kwa sababu kwa mkono mmoja kisu kinanishinda. Sikumwomba, alifikiria mwenyewe alipokuwa anapika.

Halafu akanisomea. Picha yako ni nzuri, umenenepa kidogo. Wameieleza kazi yako vizuri, mirija, nyuzi, mishipa ya fahamu. Halafu dada akapunguza sauti akafika mahali palipoandikwa kwamba mtafiti huyu kijana anaongozwa na kumbukumbu ya mjomba wake, fundi umeme, aliyepoteza mkono kazini kwa sababu ya ulevi, na kwamba hata hivyo hajamkatia tamaa.

Nitakupa nafasi. Labda hukusema hivyo. Labda mwandishi alikuuliza ilikuwaje, ukakaa kimya, akaokota jibu kutoka kwa mama yako kwenye simu. Lakini makala uliisoma kabla ya kuitia kwenye bahasha, Kidadisi. Uliikunja mwenyewe, mkunjo umepita juu ya mstari huo huo.

Dada akalikunja gazeti. Alikuwa analia. Akasema, "Mtoto amekusamehe mbele ya dunia nzima. Mimi ni nani niendelee kukununia?" Akasema ameteseka miezi yote hii, anapika kwa kipimo cha watu wawili halafu anamwaga. Akanishika hapa penye mwisho wa mkono, pale ambapo hata mimi sipendi kupashika, akanibembeleza kama nilipokuwa mdogo naye ananivusha barabara.

Mwalimu wa fizikia alikuwa ng'ambo ya ukuta, ningemwita angeitika. Barua zako zilikuwa chini ya godoro nililoketi. Ningeweza kuanza upya, na nilifungua mdomo kuanza. Nikamtazama. Amezeeka mwaka huu. Nikaona nikisema neno atainuka aende, na safari hii hatakuwa na gazeti la kumrudisha. Na ningekaa mle ndani na ukweli wangu na shati lisilofungika. Nina njaa ya dada yangu kuliko ya kitu kingine chochote. Hicho ndicho ulichonipima nacho, mpwa wangu, ujue au usijue, na nimepinda.

Nauli yenu mrudishe. Mkono wenu mpeni mwingine, na mwambieni kila kilichomo ndani yake.

Na mama yako usihangaike tena kumtafutia maneno. Aliniuliza, "Utarudia?" Nikamwambia, "Sitarudia, dada, nisamehe." Akanisamehe. Uko huru.

Mjomba wako